Takhmisa ya Rangi: Henri Matisse Mezani pa de Heem

Mshairi wa pwani anapoutia takhmisa utungo wa mtangulizi wake hujifunga kwa masharti mazito. Mishororo miwili ya asili haiguswi. Mitatu mipya hutangulizwa mbele yake, nayo hulazimika kufuata kina cha mshororo wa kwanza wa asili, hata ubeti mzima ukawa umeanza kwa sauti ya aliye hai na kumalizikia katika kinywa cha aliyetangulia. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule anayetambuliwa kuwa mtunzi wa Al-Inkishafi, aliifanya kazi hiyo katika karne ya 18 kwa beti zinazonasibishwa na Fumo Liongo, na heshima yake katika ushairi haikupungua kwa hilo. Wasomaji humhesabia ufundi wa aina ya peke yake, wa kusema lake bila kumnyang'anya mwenzake lake.

Katika uchoraji, neno nakala halikubahatika kupata heshima hiyo. Mchoraji anayeambiwa kwamba kazi yake ni nakala huona ametukanwa, na katika karne ya 20 walikuwapo walimu wengi walioliondoa zoezi la kunakili katika madarasa yao kwa hoja kwamba linaua kipaji. Hoja hiyo inastahili kupimwa kwa mfano ulio wazi, na ni vigumu kupata ulio wazi zaidi kuliko wa Mfaransa Henri Matisse. Yeye aliikabili picha moja ya Jan Davidsz. de Heem mara mbili: kwanza mwaka 1893, akiwa mwanafunzi wa miaka 23, na tena mwaka 1915, akiwa bwana mwenye miaka 45 na jina lililovuka mipaka ya nchi yake. Yaliyopita baina ya kazi hizo mbili yanaonyesha kunakili humpa mwanafunzi nini, na humgharimu nini.

Picha yenyewe ni ya mwaka 1640. De Heem alizaliwa Utrecht, Uholanzi, mwaka 1606, akafanya kazi Leiden, kisha akahamia Antwerp, mji wa wafanyabiashara matajiri. Katika ujana wake alichora kwa kumfuata Balthasar van der Ast, bingwa wa maua na matunda wa Utrecht. Naye pia, basi, aliingia katika fani kwa mlango uliofunguliwa na mwingine. Fani yenyewe ni ya picha za vitu visivyosogea: matunda, vyombo, vitambaa, vitabu, ala za muziki. Waholanzi waliipa jina lenye maana ya maisha matulivu. Wafaransa huiita maumbile mafu. Meza ya de Heem ni kubwa, ina sentimita 149 kwa 203, nayo ilikuwa mali ya Mfalme Louis wa 14 kabla ya kuingia katika makumbusho ya Louvre, Paris. Juu yake yamerundikwa matunda, bilauri na vyombo vya thamani, na kitambaa cheupe kimekunjamana kana kwamba aliyekuwa akila ameitwa ghafla, akaondoka. Nyuma pana kiza na pazia zito. Ubavuni imeegemezwa lute, ala ya nyuzi ambayo jina lake la Ulaya latokana na Kiarabu al-ud. Mpenzi wa taarabu atalitambua umbo la tumbo lake kabla hajaambiwa.

Si ala hiyo tu itakayomfanya msomaji wa pwani ajione si mgeni hapo. Picha za Kiholanzi za aina hii zilikuwa na ndimi mbili. Kwa upande mmoja zilijisifu kwa neema ya biashara ya baharini, pamoja na sahani za Kichina zilizoletwa kwa majahazi ya kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki. Kwa upande wa pili zilionya kwamba tunda litaoza, bilauri itavunjika na mwenye meza ataondoka. Aliyesoma Al-Inkishafi, ambamo madaka ya nyumba za Pate yaliyowahi kupambwa kwa vyombo vya kaure yamegeuka viota vya ndege, anaijua lugha hiyo. Tofauti iliyopo ni ya wakati. Mtunzi wa Pate alisimama kwenye karamu iliyokwisha, akaitaja kwa majuto. De Heem aliichora karamu ingali mbichi, akamwachia mtazamaji ayahesabu mwenyewe masaa yaliyobaki.

Matisse hakuifikia meza hiyo kama mtoto wa fani. Alizaliwa tarehe 31 Desemba 1869 huko Le Cateau-Cambrésis, kaskazini mwa Ufaransa, akasomea sheria na kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mwanasheria. Alikuwa na umri wa miaka 20 hivi alipolazwa kwa maradhi ya tumbo, na mama yake akampa rangi za kujipumbaza. Hapo ndipo sheria ilipompoteza. Alipokwenda Paris alishindwa mtihani wa kuingia katika Shule ya Sanaa ya serikali mwaka 1892, lakini mwalimu mmoja wa shule hiyo, Gustave Moreau, alimkubali darasani mwake bila ya mtihani. Moreau, aliyefundisha hapo hadi alipofariki mwaka 1898, alikuwa na desturi ya kuwapeleka wanafunzi wake Louvre wakanakili kazi za wakongwe. Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo Georges Rouault, alikuwamo pia Albert Marquet. Na jambo la kutazamwa ni kwamba hao waliofundishwa kunakili ndio waliokuja kuhesabiwa miongoni mwa waasi wa rangi mwanzoni mwa karne iliyofuata.

Kwa nini zoezi hilo lifae? Jibu limo katika rangi zenyewe. Rangi za mafuta hazikauki kama rangi za maji. Maji hugeuka mvuke na kwenda zake; mafuta ya mbegu za kitani hufyonza hewa na kuganda polepole kuwa utando mgumu. Upole huo ndio unaomwezesha mchoraji kuyeyusha mpaka baina ya nuru na kivuli shavuni mwa tunda. Lakini unamtaka pia awe na mpango. Wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17 walifanya kazi kwa tabaka: kwanza msingi uliopakwa juu ya kitambaa au ubao, kisha mchoro wa awali wa rangi zilizofifia uliogawa nuru na kiza, kisha mwili wa rangi, na mwishoni tabaka jembamba linalopitisha nuru kama kioo chenye rangi. Kanuni ni kwamba kila tabaka la juu liwe na mafuta zaidi kuliko la chini yake, la sivyo picha hupasuka kadiri miaka inavyopita.

Yote hayo picha iliyokamilika huyaficha. Mtazamaji huona zabibu. Haoni kwamba chini ya zabibu pana weusi, na chini ya weusi pana udongo. Anayenakili ndiye anayelazimika kurudi nyuma kutoka kwenye zabibu hadi kwenye udongo, akijiuliza lipi lilitangulia na lipi lilisubiri likauke. Hatofautiani na mtu anayetaka kuutia takhmisa utungo aliouhifadhi tangu utotoni. Kwa muda wote aliokuwa akiughani hakuhitaji kujua mshororo umesimamishwa vipi. Siku anayotaka kutanguliza mitatu yake ndipo anapogundua kwamba pumzi ya mtunzi ilikatika katikati, na kwamba kina alichokizoea kilimbana mwenyewe mtunzi kabla ya kumbana yeye. Pwani husema kwamba mtoto hutazama kisogo cha nina. Methali hiyo ina ukweli wa kifundi: anayetembea nyuma hauoni uso, lakini huiona miguu inakanyaga wapi.

Nakala ya mwaka 1893, iliyopo leo katika Makumbusho ya Matisse mjini Nice, ina takriban sentimita 72 kwa 100. Kwa hesabu ya eneo, ni kama robo tu ya picha ya de Heem. Louvre hadi leo haimruhusu mwenye kunakili kutoa kazi yenye ukubwa sawa na asili, na sharti hilo, ambalo nia yake ni kuzuia udanganyifu, lina manufaa ya kielimu ambayo pengine waliolitunga hawakuyakusudia. Anayenakili kwa ukubwa ule ule anaweza kuupa mkono kazi na akili likizo. Kila doa lina doa la kulipima. Anayepunguza hadi robo hawezi. Kila kitu hakitaenea. Lazima aamue katika kila pembe ya meza lipi ndilo linaloibeba picha na lipi ni pambo, kama afupishaye utenzi wa beti mia nne kwa mia moja bila kuivunja hadithi. Hapo nakala huwa imekwisha kuwa uhakiki, hata kama mwenye kuichora hajui.

Hata hivyo ni nakala ya mwanafunzi, na haina haja ya kusifiwa kupita kiasi kwa sababu tu ya jina lililokuja baadaye. Ni kazi ya adabu. Inauliza swali moja, yaani mambo haya yalifanywaje, na inatosheka na jibu. Lau Matisse angefariki mwaka 1894, hakuna ambaye angesafiri hadi Nice kwenda kuitazama. Thamani yake ni ya daftari la mwanafunzi wa chuo: ndani yake mna herufi zilizoandikwa vizuri, ambazo bado hazijaandika barua.

Katika miaka iliyofuata Matisse aliendelea kunakili, na kazi ngumu zaidi kwake ikawa picha ya Mfaransa mwenziwe Jean-Baptiste-Siméon Chardin, ile ya samaki taa, ambayo Chardin aliwasilisha alipopokewa katika Akademia ya wachoraji mwaka 1728. Kila mvuvi wa visiwani anamjua taa huyo: ametundikwa kwa kulabu, tumbo limepasuliwa, matumbo yanang'aa, na upande wa chini wa kichwa chake unafanana na uso wa binadamu anayetaka kusema jambo. Chini yake paka amejikunyata kwa hamu juu ya chaza. Tumbo lile lililopasuliwa lina rangi za lulu, waridi na damu zilizopandana bila kuchafuana, na halinakiliki kwa kufuata mistari peke yake. Matisse alihangaika nalo kwa miaka. Wengine pia hawakuweza kulipita: Chaim Soutine alimchora taa wake mwenyewe mwaka 1924, na katika mikono yake mnyama yule akawa kilio. Kutokana na taa mmoja walizaliwa taa wengi, na hakuna anayemchanganya mmoja na mwenziwe.

Inafaa kuukabili upande wa pili wa hoja, kwani upo. Katika Paris ya miaka hiyo kunakili kulikuwa pia biashara. Serikali ilinunua nakala za picha za Louvre kwa ajili ya majengo ya mikoani, na Matisse mwenyewe aliuza baadhi ya nakala zake kwa njia hiyo wakati alipokuwa na uhitaji. Mnunuzi wa namna hiyo hatafuti swali jipya. Anataka picha ile ile, iliyo safi, isiyomsumbua diwani ukutani. Kwa hivyo wapo waliokaa mbele ya picha za wakongwe hadi nywele zikawa nyeupe na mikono yao ikawa myepesi kuliko ya Matisse, lakini hawakutoka humo na neno lao wenyewe. Wanaosema kwamba kunakili huua kipaji wanawatazama hao, na hawakosei kuwaona. Wanachokosea ni chanzo. Kilichowaua si meza ya de Heem. Ni kule kulitosheka na jibu la kwanza, na kulipwa kwa kutosheka huko.

Matisse hakutosheka, na meza haikumwacha. Mwaka 1897 alionyesha picha kubwa ya meza ya chakula yenye mhudumu anayepanga maua, mnamo bilauri na matunda yaliyooshwa kwa nuru ya mchana. Mwaka 1908 aliirudia meza na mhudumu, safari hii kuta na kitambaa vikiwa wekundu mmoja usio na mpaka. Picha hiyo ipo katika makumbusho ya Hermitage, Saint Petersburg. Humo de Heem hayupo kwa jina, lakini swali lake lipo: vitu vingi vitakaaje juu ya ubapa mmoja bila kugombana? Mwaka 1908 jibu lilikuwa rangi moja iliyowameza wote. Lilikuwa jibu zuri, na la hatari, kwa kuwa halikuacha pa kwenda.

Kisha vikaja vita. Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia kaskazini mwa Ufaransa, na mji aliozaliwa Matisse ukawa chini yao pamoja na mama yake na ndugu yake. Yeye alijaribu kujiandikisha jeshini, akakataliwa. Nyumba yake ya Issy-les-Moulineaux, nje ya Paris, ilitwaliwa na jeshi kwa muda. Alipoirudia kazi, marafiki zake vijana walikuwa mstari wa mbele na wachoraji wa kubizimu, akina Picasso, Braque na Juan Gris, walikuwa wamekwisha kukivunja kitu kuwa vipande na kuvipanga upya kwa pembe na mistari. Wakati huo ndipo Matisse alipoitoa nakala yake ya mwaka 1893, akaiweka mbele yake, na kuianza picha iliyopo leo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York.

Ina sentimita 180.9 kwa 220.8. Yaani nakala ya kwanza ilikuwa robo ya picha ya de Heem. Hii ya pili imeipita kwa theluthi nzima. Tarakimu hizo peke yake zinasimulia habari. Ndani yake mistari mirefu imeikata picha kutoka juu hadi chini. Kiza cha de Heem, kilichokuwa pazia laini la kuyapokea matunda, kimekuwa weusi na kijivu vyenye kingo kali. Kitambaa cheupe kimepoteza mikunjo, kikawa kama karatasi iliyokunjwa kwa rula. Matunda ni duara. Na bado kila kitu kipo pale pale kilipokuwa mwaka 1640: lute mahali pake, bilauri mahali pake, rundo la matunda mahali pake. Aliyeijua ya kwanza anaweza kuisoma ya pili kwa kidole.

Hapa mfano wa takhmisa unasaidia, na hapa pia unafika ukomo wake. Mtunzi wa takhmisa huiacha mishororo ya asili kama ilivyo. Katika picha ya 1915 hakuna hata doa moja la de Heem lililobaki. Kilichohifadhiwa ni mpangilio: nani amekaa karibu na nani, uzito upo upande gani, jicho linaingilia wapi na kutokea wapi. Matisse aliupa mpangilio huo hadhi ya mishororo miwili isiyoguswa, akatunga mengine yote. Asingeweza kufanya hivyo bila ya zoezi la 1893, kwa sababu picha ya de Heem haiuonyeshi mpangilio wake. Huufunika kwa utamu. Mtu anayeitazama kwa mara ya kwanza hushikwa na ngozi ya tunda na mng'aro wa kioo. Aliyewahi kuipunguza hadi robo, akilazimika kuuacha mng'aro na kuokoa mizani, ndiye anayejua mifupa iko wapi. Swali la 1893 lilikuwa la namna. La 1915 lilikuwa la sababu ya meza hii kusimama.

Ushindi huo haukupatikana bure. Katika meza ya de Heem tunda huliwa kwa macho. Lina unyevu, lina umri, kesho litakuwa jingine, na ndiyo maana onyo lake linaingia moyoni. Duara za Matisse haziozi. Katika kuipata mifupa aliipoteza harufu, na pamoja na harufu ulipotea ule ulimi wa pili wa picha za Kiholanzi, ulimi wa wasia. Mtetezi wake anaweza kusema kwamba mwaka 1915 wasia haukuhitaji matunda. Magazeti yaliuleta kila asubuhi. Pengine. Weusi ule mkali una uzito wa wakati wake, na meza isiyo na mlaji, iliyochorwa na mtu ambaye mama yake yuko ng'ambo ya mstari wa vita, haiwezi kusomwa kama mchezo wa maumbo tu. Lakini haki inataka isemwe kwamba anayetaka kujua ladha ya pichi atakwenda Paris, wala si New York, na kwamba kazi kubwa ya mwanafunzi haikuifanya kazi ya bwana wake kuwa mzaha wala kuwa ngazi iliyokwisha kazi.

Ushairi wa Kiswahili una mgogoro wake wa aina hii, hasa tangu Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kilipochapishwa mwaka 1974 na kuwagawa wapenzi wa tungo katika makundi. Wapo waliouona urari wa vina na mizani kuwa nyumba, na wapo waliouona kuwa kifungo. Mfano wa Matisse hauhukumu baina yao, lakini unaziondolea pande zote mbili silaha moja moja. Kwa anayetunga kwa kuwafuata wakongwe maisha yake yote, unaonyesha kwamba kufuata kuliko kwema huchukua robo ya meza kwanza, kisha siku moja hutaka turubai kubwa kuliko la bwana. Kwa anayetaka kuivunja mizani kabla hajaibeba, unaonyesha kwamba mtu aliyeivunja meza ya de Heem kwa mistari na weusi alikuwa amekaa mbele yake kwanza, akiwa kijana, brashi mkononi, akihesabu matunda.

Miaka 22 ni muda mrefu wa kuihifadhi nakala ya shule. Wengi wangeichoma au wangeiuza kwa diwani wa mkoani. Matisse aliiweka, akaisahau au hakuisahau, na ilipofika siku ambayo ulimwengu aliouzoea ulikuwa umevunjika, kitu alichokichagua kuanzia upya hakikuwa uvumbuzi wa jana. Kilikuwa ni zoezi la darasani, lenye makosa yake, ambalo bado lilikuwa na swali lisilojibiwa.